Ukuta wa Faiba Simenti Unaotoa Unga: Maswali na Majibu

Maswali ya safari hii yote yanahusu kuta za nje zilizofunikwa kwa vibao vya faiba simenti, yaani saruji, mchanga laini na nyuzi za mti vilivyoshindiliwa pamoja, kisha vikapakwa rangi.

Nikipitisha kiganja ukutani kinatoka na unga. Ni vumbi au rangi imeharibika?

Kama unga umeenea sawasawa upande wote unaopigwa na jua, hiyo ni rangi yenyewe. Rangi ya akriliki ina punje za kuleta rangi, na ina gundi inayozishika punje hizo. Jua, hewa na unyevu huila gundi kuanzia juu, kidogo kidogo. Inapoisha, punje hukosa wa kuzishika, nazo ndizo zinazokujia kiganjani. Wengi huita hali hii oksidesheni. Wengine husema rangi inatoa chaki.

Chukua kitambaa cheusi kikavu, kwa ukuta mweusi tumia cheupe, usugue mara moja moja mahali patatu: upande wa jua, upande wa kivuli, na juu kabisa chini ya paa. Chaki hujaa upande wa jua na hupungua sana kule paa linakofunika.

Kuna kitu kingine cheupe kinachofanana nayo: chumvi ya saruji, ambayo maji huisukuma kutoka ndani ya kibao. Hii haienei, hukaa kwa mabaka na michirizi, hasa kwenye maungio na kwenye kingo zilizokatwa zikaachwa bila rangi, na ukiigusa inakwaruza. Wapo wanaodondoshea siki ili waone kama itatoa povu. Kipimo hicho hudanganya, kwa kuwa rangi nyingi za nje zina kalsiamu kaboneti kama kijazio, nayo hutoa povu vilevile. Ukiona chumvi, tafuta kwanza maji yanaingilia wapi. Usipoziba njia hiyo, hata ukiosha mara kumi itarudi.

Nioshe vipi bila kuharibu rangi?

Andaa mpira wa maji wenye pua ya kunyunyiza, ndoo mbili, brashi ya manyoya laini kama ile ya kuoshea gari, na sabuni ya maji ya vyombo isiyo kali. Vijiko vikubwa 2 au 3 vya sabuni vinatosha lita 10 za maji. Ukizidisha, sabuni itabaki ukutani na kunasa vumbi jipya.

Chagua saa ambayo ukuta uko kivulini na umepoa. Lowesha ukuta mzima, kisha fanya kazi kwa vipande vya upana wa mita 1.5 hivi. Paka sabuni kuanzia chini kwenda juu. Wengi hufanya kinyume, na hapo ndipo michirizi inapoanzia: maji machafu yakiteremka kwenye ukuta mkavu hushika na kuacha alama, ila yakipita juu ya sehemu iliyokwisha kupata sabuni huteleza tu. Peleka brashi kwa urefu wa kibao, kwa mkono mwepesi, na kila mara uisuuze kwenye ndoo ya pili kabla ya kuichovya tena kwenye sabuni. Maji yakigeuka rangi ya maziwa, yamwage. Ukiendelea nayo unairudisha chaki ukutani.

Suuza kuanzia juu kwenda chini kabla sabuni haijakauka. Elekeza maji chini daima. Ukiyarusha kwenda juu yatapenya nyuma ya vibao pale vinapopandana. Brashi ya waya na sufi ya chuma zisiguse ukuta huu kabisa: hukwaruza rangi, na vipande vyake hubaki na kuota kutu.

Kesho yake, ukuta ukishakauka, rudia kipimo cha kitambaa. Chaki nzito huhitaji kuoshwa mara mbili, pengine tatu. Mara nyingi ni bora kurudia kwa upole kuliko kubadilisha dawa.

Mashine ya presha haitamaliza kazi haraka zaidi?

Itamaliza haraka, na hapo ndipo hatari ilipo. Ncha kali ya maji hupasua gundi ya kuzibia mianya, huingiza maji nyuma ya vibao, na humega kingo. Ukingo uliomegeka hunywa maji, huvimba, kisha tabaka za kibao huanza kuachana. Uharibifu huo hauondoki kwa rangi, kibao hubadilishwa. Kama ni lazima, presha isizidi psi 1,500 (psi ni kipimo cha nguvu ya maji kinachoandikwa kwenye mashine), pua iwe ya kutawanya maji kwa upana, nawe usimame umbali usiopungua mita 1.8. Kwa umbali huo utagundua kwamba mpira wa kawaida na brashi vinafanya kazi hiyohiyo.

Mafundi waliosha kwa mashine, sasa ukuta una mistari kama pundamilia. Wameuchoma?

Huenda hawakuuchoma. Kilichotokea ni kwamba pale ncha ya maji ilipopita karibu, chaki ilitoka na rangi ya ndani ikaonekana; pembeni yake chaki ilibaki. Unachokiona kama alama ni sehemu safi iliyokaa kando ya sehemu chafu. Sabuni kali iliyotiririka kutoka juu na kukaukia njiani huleta mistari ileile.

Usiikimbilie mistari peke yake, utaongeza mabaka. Osha upande mzima, kutoka kona hadi kona, kwa brashi na sabuni kama ilivyoelezwa, ukivuka mistari bila kuibagua. Kama baada ya mara mbili bado inaonekana, jaribu kisafishaji cha oksidesheni ambacho lebo yake inataja nyuso zilizopakwa rangi. Kijaribu kwanza mahali palipojificha, penye ukubwa wa viganja viwili, usubiri pakauke. Kitambaa kikitoka na rangi nzito ya ukuta badala ya maziwa mepesi, acha: sasa unaiondoa rangi nzima. Na ikiwa presha ilikwisha kuchimba rangi yenyewe, hakuna dawa ya kuirudisha, ni kupaka upya.

Kuna madoa meusi upande wa kivuli yasiyotoka kwa sabuni.

Dondoshea doa tone la dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Likipauka ndani ya dakika moja au mbili, ni kuvu. Lisipobadilika, ni uchafu au masizi, urudi kwenye sabuni.

Kwa kuvu, changanya sehemu 1 ya klorini yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 6 na sehemu 3 za maji. Lowesha mimea iliyo karibu kabla na baada. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho. Paka kwa bomba la mkono, acha dakika 5 hadi 10 bila kukauka, kisha suuza sana. Usichanganye kamwe klorini na siki, asidi au chochote chenye amonia; gesi inayotoka inaweza kuua. Klorini haiondoi chaki, kwa hiyo ua kuvu kwanza, ndipo uoshe ukuta kwa sabuni.

Naweza kupaka mafuta au nta ya gari ili rangi ing'ae tena?

Hapana. Inang'aa kwa muda mfupi, halafu siku ya kupaka rangi, rangi mpya haitashika.

Nikishaosha, ni lazima nipake rangi upya?

Kuosha huondoa punje zilizolegea, hakurudishi gundi iliyoliwa. Ukuta ukibaki na rangi ya kuridhisha, unaweza kuuacha na kuusuuza mara moja au mbili kwa mwaka. Kama saruji inaanza kuonekana, au unga unarudi baada ya miezi michache, paka.

Kabla ya kupaka, acha ukuta ukauke siku 1 hadi 2 za jua, zaidi kama kuna unyevu. Bandika utepe wa gundi, uukandamize, uuvute ghafla. Ukitoka safi, rangi ya nje ya akriliki asilimia 100, mikono miwili, inatosha. Ukitoka na unga kidogo, tanguliza praima, yaani rangi ya msingi, ya kushikiza nyuso zenye chaki. Ukitoka umejaa unga, rudi kwenye ndoo. Usisahau kupaka kingo za chini na zile zilizokatwa.

Na msasa je?

Usipige msasa mkavu. Kibao hiki kina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, na vumbi lake laini huharibu mapafu. Kwenye nyumba ya zamani jihadhari zaidi, kwa sababu vibao vya saruji vya kale vinaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zenye sumu kwa mapafu. Kama hujui umri wa vibao vyako, usivisugue, usivitoboe wala usivipige presha mpaka kipande chake kimepimwa maabara, na kipande hicho akichukue mtu mwenye mafunzo ya kazi hiyo.