Kwa nini 37 inajitokeza kila mara?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani soko la mahindi Kibaigwa, kutwa niko na kikokotoo mkononi. Juzi liliingia lori lenye magunia 222. Nikiwa nasubiri mizani, nikajumlisha tarakimu zake, 2+2+2, kisha nikagawanya 222 kwa 6. Ikaja 37. Nikajaribu 555 kwa 15, ikaja 37. Nikajaribu 888 kwa 24, 37 tena! Mwenzangu anasema kikokotoo kimeharibika. Naomba unitoe tongotongo.
Karani, Kibaigwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Kikokotoo chako ni kizima, na nimefurahi sana kwamba hukuipita tu hiyo namba.

Siri iko hapa: 3 × 37 = 111. Ile 555 ni 111 mara 5, na jumla ya tarakimu zake ni 3 mara 5. Ukigawanya, 5 kwa 5 zinafutana, unabaki na 111 kwa 3. Basi.

Lakini hiyo ni sehemu nyepesi. Chukua kigawe cha 37 chenye tarakimu tatu, tuseme 185, yaani 37 mara 5. Itoe 1 ya mbele uipeleke nyuma: 851. Hiyo ni 37 mara 23. Sasa ipeleke 8 nyuma: 518, nayo ni 37 mara 14. Nilipoliona hili mara ya kwanza, nikifundisha Mpwapwa, sikulala mpaka nikajua sababu. Kuipeleka 1 nyuma ni sawa na kuzidisha 185 kwa 10, ukapata 1850, halafu ukaondoa 1000 na kuongeza 1. Yaani umetoa 999: 1850 − 999 = 851. Na 999 ni 27 mara 37! Kigawe cha 37 ukikitoa kwenye kigawe cha 37, kinachobaki ni kigawe cha 37. Tarakimu ya mbele ikiwa 8, unatoa 999 mara 8, mambo ni yale yale. Namba tasa nyingine yenye tabia hii kwa tarakimu tatu ni 3 peke yake, kwa kuwa 999 haina vigawo tasa vingine.

Jana jioni hapa Chang'ombe, mimi na mjukuu wangu tulimwaga vifuniko vya soda mkekani. Tukaweka kimoja katikati, tukakizungushia 6 vikigusana, kisha 12, kisha 18. Likatoka umbo safi la pembe sita, vifuniko vinne kila upande. Jumla 37. Akataka kuvigawa mafungu sawa. Kwa viwili viwili, kikabaki kimoja. Kwa vitatu, kimoja. Kwa vitano, viwili. Nikamwambia aishie hapo: 7 × 7 ni 49, imeshapita 37, kwa hiyo hakuna haja ya kujaribu zaidi. Ni namba tasa.

Hata mabingwa iliwasumbua. Katika karne ya 19, mwanahisabati Ernst Kummer wa Ujerumani alishughulikia kauli maarufu ya mwanahisabati Fermat, kwamba kipeo n kikizidi 2, hakuna namba nzima chanya a, b na c zinazotimiza aⁿ + bⁿ = cⁿ. Aliithibitisha kwa vipeo vilivyo namba tasa, kundi kubwa kwa mpigo. Namba tasa ya kwanza kugomea njia yake ni hii hii 37.

Lori lijalo, jaribu 41 kwa vigawe vya tarakimu tano, ukizungusha vilevile. Anza na 12341, na uitazame 99999 ni 41 mara ngapi.