Mzinga wa kioo ndani ya nyumba Nairobi: jifunze kwanza dalili za kuhama

Maelekezo mengi ya kutunza mzinga wa kioo, yaani mzinga mwembamba wenye kuta za vioo wa kutazamia nyuki wakiwa kazini, yameandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, na hofu yake kubwa ni majira ya theluji. Hapa Nairobi hofu ni nyingine. Nyuki wetu, wale ambao wanasayansi huwaita Apis mellifera scutellata, hawang'ang'anii mahali penye shida. Njaa ikiingia, joto likizidi, siafu wakivamia au mkono wa mtu ukiwasumbua mno, hujaza asali tumboni na kuondoka wote pamoja na malkia wao. Unarudi jioni unakuta masega makavu. Ndiyo maana karibu kila ninalolifanya kwa mzinga wangu wa sebuleni huku Lang'ata ni kwa ajili ya mambo mawili: wasitake kuhama, na wakianza kukusudia nijue mapema.

Kabla hujanunua kioo, uwe na mzinga wa nje ulio imara, na ni afadhali uwe wa Langstroth, yaani wa masanduku yenye fremu za masega zinazochomolewa, ili fremu ziweze kuhamishwa kati ya mizinga miwili. Mzinga wa kioo wenye fremu mbili au tatu haujitegemei kamwe. Ukidhoofika unaongezewa fremu ya watoto kutoka mzinga mama, yaani ule wa nje, na ukijaa unapunguzwa. Mtu asiye na mzinga mama namshauri asubiri, hata kama ameshapata fundi na mbao. Na kama unapanga nyumba, zungumza na mwenye nyumba na majirani kabla ya kutoboa ukuta. Nyuki hawa wakikasirika hushambulia kwa wingi, na anayeumia zaidi ni yule asiyeweza kukimbia: mbwa aliyefungwa, kuku walio bandani, mtoto mchanga. Sumu ya nyuki wetu haina ukali kuliko ya nyuki wa Ulaya. Hatari ni idadi ya miiba. Kama ndani ya nyumba kuna mtu ambaye mwili wake hufura na pumzi kubana akidungwa na nyuki, acha kabisa wazo hili.

Fundi wa mbao mwambie jambo moja kwa msisitizo, nalo ni nafasi kati ya kioo na kioo. Lorenzo Langstroth, mfugaji nyuki wa Marekani, aligundua mwaka 1851 kwamba nyuki huacha wazi njia ya milimita 6 hadi 9 hivi. Ikiwa finyu zaidi huiziba kwa gundi yao, ikiwa pana zaidi hujenga sega ndani yake. Sega la watoto lina unene wa milimita 25 hivi, kwa hiyo mimi huacha milimita 45 kati ya vioo viwili. Ukiacha 60, baada ya muda utakuwa unatazama nta iliyogandishwa kwenye kioo na hakuna kingine utakachoona. Juu na pembeni weka matundu ya hewa yenye wavu mwembamba wa chuma.

Njia ya kutokea nje ni bomba la plastiki linaloonyesha ndani, lipite ukutani likiinama kidogo kuelekea nje ili maji ya mvua yasiingie. Mlango wa nje uwe juu ya vichwa vya watu, mita mbili na nusu au zaidi, usielekee kijia wala kamba za nguo za jirani. Kisha, na hapa sikubali mjadala, weka vilango viwili vya kufunga, kimoja upande wa ukuta na kingine upande wa mzinga. Kazi yake ni kwamba siku ya kufungua mzinga, unafunga vyote viwili, unachomoa bomba kati yake na kuubeba mzinga hadi nje, mbali na nyumba. Mzinga wa kioo haufunguliwi ndani ya nyumba. Haufunguliwi hata kwa dakika moja, hata kama nyuki wanaonekana watulivu. Wakipenya wawili watatu bahati mbaya, zima taa na ufungue dirisha moja; watafuata mwanga.

Kuwahamishia humo fanya jua linapozama, ukiwa na moshi wa kutosha na mavazi kamili. Chagua fremu yenye mayai, mabuu na watoto waliofunikwa kwa nta ndani ya vyumba vyao, iwe chini. Fremu ya asali na chavua iwe juu. Malkia awe humo, na mzinga mama utajitengenezea mwingine, mradi umeubakishia mayai. Kama mizinga yote miwili iko kiwanja kimoja, kesho yake nyuki wakubwa wanaotafuta chakula watarudi walikozoea. Usiogope. Wanaobaki ni wachanga, walezi wa watoto, nao ni wapole kuliko wote, na ndio unaowataka mwanzoni. Wape kidogo maji ya sukari, kiasi sawa cha sukari na maji, kwenye chupa yenye kifuniko cha vitundu iliyopinduliwa juu ya wavu. Asali ya dukani usiwape. Inaweza kubeba viini vya magonjwa ya mizinga mingine, na harufu yake huita nyuki wezi.

Halafu wape giza. Hili watu wengi hulipuuza kwa sababu wamejenga mzinga ili watazame, na wageni wakija kila mtu anataka kuona. Nyuki huishi gizani. Kila kioo kiwe na kifuniko cha mbao chenye kitambaa kizito ndani, kifunguliwe unapotazama kisha kirudishwe. Ukitaka kukaa saa nzima, tumia taa nyekundu, kwa kuwa macho yao hayaoni rangi hiyo. Kifuniko hicho ndicho pia blanketi lao mwezi wa Julai, usiku wa Nairobi unaposhuka hadi nyuzi 12 hivi wakati watoto wao wanahitaji nyuzi 34 au 35. Fremu mbili zina nyuki wachache wa kutoa joto, na ukiona matone ya maji yametanda kwenye kioo asubuhi, ongeza kitambaa. Jua la moja kwa moja nalo ni baya kuliko baridi. Sega hulegea kabla nta haijafikia kuyeyuka, na kioo kilichopigwa na jua la saa saba mchana kinatosha kuliangusha.

Siafu na sisimizi: miguu ya meza isimame ndani ya mikebe yenye oili chafu, na ukuta wa nje kuzunguka bomba upakwe grisi, maana wengi hupita njia hiyo. Dawa ya kunyunyizia mende au mbu isiingie chumba hicho. Mende mdogo wa mizinga na nondo wa nta wako huku kwetu tangu zamani, na kundi lenye nguvu huwadhibiti lenyewe. Ukiona utando wa nondo unatanda kwenye sega, kundi limeshadhoofika. Rudisha fremu kwa mzinga mama au uziondoe. Kwa ugonjwa usioujua, icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu kule Kasarani, wana maabara ya afya ya nyuki, na kituo cha taifa cha ufugaji nyuki kiko Lenana.

Ukishika hayo, utapata faida ambayo mfugaji wa mizinga ya nje hana. Unaiona ngoma. Karl von Frisch, mwanasayansi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha kwamba nyuki anayetikisa tumbo akienda mstari mmoja juu ya sega huwaambia wenzake upande wa kwenda kwa kulinganisha na jua. Akicheza wima kwenda juu, maana yake elekea liliko jua. Vitabu vya Ulaya hukuambia saa sita mchana jua liko kusini, basi. Kwetu hapa, karibu kabisa na ikweta, hesabu hubadilika katika mwaka. Mwezi wa Juni saa sita jua liko kaskazini yetu, na ngoma ya wima kwangu huelekeza upande wa msitu wa Ngong Road. Desemba ngoma ileile, saa ileile, huelekeza kusini, upande wa Mbuga ya Taifa. Karibu na wiki ya tatu ya Machi na wiki ya mwisho ya Septemba jua la saa sita huwa utosini, basi usijaribu kusoma mwelekeo wakati huo. Ngoja saa nane. Nikiona ngoma nyingi Oktoba, hutoka nje nikaangalia mijakaranda na mikalitusi ya upande huo, na ni furaha kubwa kwangu kukuta nyuki huko.

Ngoma hiyohiyo ndiyo itakayokuonya. Kundi linalojiandaa kuhama kwa njaa halifanyi ghafla. Kwanza malkia hupunguza kutaga, na ukitafuta mayai kwenye vyumba vya katikati huyaoni. Asali ya juu hupungua bila kujazwa. Watoto waliofunikwa wanatoka mmoja mmoja na vyumba vyao vinabaki vitupu, vimesafishwa. Kisha zinaanza ngoma za ajabu: ndefu sana, za umbali unaobadilikabadilika, lakini zote zikielekeza upande mmoja, na wachezaji hawana chavua wala mbochi (maji matamu ya maua) waliyoleta. Hapo wanajadili safari. Nje, ndani ya mzinga wa mbao, usingeyajua haya.

Ukiyaona, siku hiyohiyo leta fremu yenye mabuu wachanga kutoka mzinga mama, kwani nyuki huwa wazito kuwaacha watoto wasiofunikwa. Jaza maji ya sukari kila jioni. Funga vifuniko na uwakatalie wageni. Mayai yakirudi, umewabakiza. Yasiporudi, usingoje waruke juu ya mtaa: funga vilango jua linapozama, wapeleke kwa mzinga mama, umtoe malkia wao, kisha waweke kwenye sanduku la juu ukitenganisha makundi mawili kwa ukurasa mmoja wa gazeti uliotobolewa vitundu vichache. Watalitafuna polepole, na kufikia watakapokutana harufu zao zitakuwa zimeshazoeana.