Kwa aliyeuliza kwa nini babake, mwanamaji mstaafu, hasimulii

Mwanangu, umeuliza ufanye nini ili babako, mstaafu wa Jeshi la Wanamaji la Kenya, azungumze na wanawe badala ya kushinda barazani kimya, na ukaongeza kwamba kila mnapomwomba awasimulie habari za vita hujibu, "Hakuna la maana." Nakujibu kama mtu wa rika lake. Mimi ni mzaliwa wa bara niliyelowea Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Niliingia kambi ya Mtongwe mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati kamanda alikuwa bado Mwingereza, na utumishi wangu karibu wote niliumalizia katika chumba cha injini.

Naona kikwazo kiko kwenye swali lenyewe. Jeshi letu lilizinduliwa Desemba 1964, miaka miwili baada ya kuvunjwa kwa lile la kikoloni lililohudumia Afrika Mashariki, na kwa sehemu kubwa ya miaka yetu kazi haikuwa kupigana na mtu. Ilikuwa doria ya pwani nzima, kutoka Vanga kusini hadi Kiunga kaskazini, kukagua majahazi, kuwatafuta wavuvi waliopotezwa na upepo, na kila siku ya Mungu kupambana na chumvi. Simba, Chui na Ndovu, meli za doria zilizotoka Uingereza mwaka 1966, zilikuwa na urefu wa mita 31 tu, na wakati wa kusi, mara tu zilipotoka nje ya mlango wa bandari ya Kilindini, hata mpishi aliacha masufuria akashika nguzo. Aliyeishi humo ukimwuliza alipigana na nani hana cha kukujibu, nawe utadhani anakuficha.

Kwangu ulimi ulifunguliwa na tuktuk. Mjukuu wangu anaendesha moja kati ya feri na Shelly, na jioni moja aliileta uani ikiwa na mlio usioeleweka, akawa anabahatisha tu kufungua hiki na kile. Nilimwambia aniletee bisibisi ndefu. Niliiweka ncha kwenye ganda la injini na mpini nikaubana kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, nikaihamisha pole pole kutoka sehemu moja hadi nyingine, mpaka nikafika mahali ambapo mngurumo laini uligeuka kuwa mkwaruzo mkavu. "Ni beringi hii," nikamwambia. Aliponiuliza nilijifunzia wapi, nilijikuta nikimweleza jinsi tulivyokuwa tukizisikiliza injini za dizeli usiku, zamu ya manane, joto likiwa la kumvua mtu shati, afisa wa juu akitaka mwendo na sisi tukimsihi apunguze kwa sababu ya pampu moja iliyokuwa inalia. Tulikaa pale mpaka adhana ya isha. Wala hakuwa ameniomba hadithi; alikuwa na injini mbovu.

Kwa hiyo, kama mzee wako alikuwa mpiga mzinga kama ulivyoandika, mwulize jinsi walivyoukinga mzinga wa milimita 40 usiliwe na kutu, na nani alibeba risasi bahari ilipochafuka. Kama alikuwa kwenye usukani, mwulize usiku alijuaje kwamba amekaribia miamba kabla hajaiona. Maswali ya kazi yana majibu, na majibu hayo yana watu ndani yake.

Yapo pia mambo ambayo mtu hayasemi kwa sababu ni mazito, na hayo hayahitaji kulazimishwa. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, kivuko cha Mtongwe kilichowabeba watu waliokuwa wakienda kazini kisiwani, kikiwa kimejaa kupita kiasi, kilipinduka mita 40 hivi kutoka ufukweni, wakafa watu 272. Kambi yetu iko pale pale jirani. Waliokufa walikuwa watu tuliosalimiana nao asubuhi kwenye vibanda vya mahamri. Sikuwahi kulitaja jambo hilo nyumbani, mpaka mjukuu wangu wa kike, ambaye macho yake hayapitwi na kitu, aliponiuliza kwa nini kwenye feri ya Likoni siketi kamwe, hata kiti kikiwa wazi, na kwa nini nasimama kila mara mahali ninapoziona jaketi za kuokolea. Nilimjibu kwa sentensi chache, naye hakuendelea kuchimba. Daraja la kuelea la Liwatoni, la kuvukia kwa miguu kati ya Likoni na kisiwani, lilipofunguliwa Januari 2021, ndiye aliyenishika mkono akasema, "Babu, leo tutembee."

Kuhusu habari za sasa, usishangae mzee akizima televisheni wachambuzi wanapobishana, kisha usiku akaanza mwenyewe mjadala ule ule. Hukumu ya Mahakama ya Haki ya Kimataifa kuhusu mpaka wa bahari kati yetu na Somalia ilipotolewa tarehe 12 Oktoba 2021, nyumbani kwangu kila mtu alikuwa na maoni. Kenya ilikuwa ikidai mstari unaofuata latitudo, yaani kwenda mashariki moja kwa moja, na mahakama ikachora mwingine unaokata kuelekea kusini-mashariki. Serikali yetu ikaikataa hukumu hiyo. Wanangu walizungumza juu ya mafuta na gesi. Mimi, ambaye kwangu mstari ule wa latitudo ulikuwa nyuzi 90 za dira, nilikuwa nikimfikiria mvuvi wa Kiunga na mwenzake wa Ras Kamboni, upande wa Somalia, ambao ni jamaa, lugha yao moja, na samaki wanaowafuata hawana pasipoti. Naamini jambo hilo litamalizwa kwa mazungumzo, wala sidhani manowari zitaongeza chochote. Mwanangu wa kwanza anasema nimezeeka. Vilevile, meli za mizigo zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 kwa sababu ya mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika, nilifungua ramani mezani, na kwa mara ya kwanza watoto waliona kwa nini jambo la Yemen linaweza kumchelewesha fundi wa Likoni kupata vipuri. Mpe babako ramani, si rimoti.

Nimeliacha nyuma jambo moja ambalo huenda likawa ndilo kubwa kuliko yote. Sisi wa injini na wale wa mizinga tulipoteza masikio mapema. Siku zile kinga ilikuwa pamba, tena ukiipata. Mtu wa namna hiyo hasikii vizuri sauti nyembamba, hasa za wanawake na watoto, na mahali penye kelele maneno humchanganyikia, hivyo hutabasamu, hutikisa kichwa na kukaa kimya kuliko kuomba arudiwe mara tatu mbele ya wakwe. Familia husema amekuwa mkali au amejitenga. Kabla hujampeleka kwa mshauri wa kumzungumzisha, mpeleke akapimwe masikio. Wakati mnasubiri, chunguza sikio lipi ni zima, keti upande huo, zima redio, na uongee ukimtazama usoni.