Rafiki Katoa Albamu, Kaniomba Niihakiki

SWALI: Wahariri, shikamooni. Rafiki yangu hapa mtaani Sakina amejirekodia chumbani kwake albamu ya nyimbo tisa: biti za kompyuta, sinthesaiza na gitaa la roki. Hana lebo. Anataka niandike uhakiki kabla hajaitoa. Nimeisikiliza kwenye simu. Nyimbo tatu nimezipenda, zilizobaki zinanichosha, ila siwezi kusema kwa nini. Sitaki kumsifia uongo, wala sitaki kumvunja moyo. Nianzie wapi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba. Anza kwa kuweka simu kando. Spika yake ndogo haitoi vizuri sauti za chini, kwa hiyo sehemu kubwa ya besi ya rafiki yako bado hujaisikia. Mwombe mafaili ya WAV, yaani ya sauti ambayo haijabanwa, akukopie kwenye flashi au ayatume WhatsApp kama dokumenti. Sikiliza kwa hedifoni nzuri, kisha kwenye gari au redio ya sebuleni. Kiwango cha sauti kisibadilike kati ya wimbo na wimbo, maana ukiongeza kidogo tu, sikio linauona wimbo mzuri kuliko ulivyo.

Mara ya kwanza isikilize yote kwa mpangilio wake bila kuandika chochote. Mara ya pili shika kalamu, uandike dakika na sekunde. "Wimbo wa nne, 2:10, gitaa linamfunika mwimbaji" ni kauli anayoweza kuifanyia kazi. "Miksi (mchanganyiko wa sauti) haijakaa sawa" haimsaidii.

Sasa huko kuchoka. Angalia kwanza kama biti inajirudia. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, baa nane za mapigo manne ni sekunde 16. Zikipita sekunde 16 mara nne mfululizo na hakuna kilichoingia wala kutoka, basi lupu (kipande kinachojirudia) imenakiliwa tu, na hilo ni kosa la utunzi ambalo mastaringi, ule usafishaji wa mwisho wa sauti, haiwezi kulifuta. Kama utunzi unasonga na wewe bado unachoka, shuku limita, kifaa cha programu kinachozuia sauti isipite kiwango fulani. Wengi hubana wimbo ili usikike kwa nguvu kuliko wa wengine. Lakini Spotify kwa kawaida hurekebisha nyimbo zifike kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Wimbo uliobanwa hadi -6 utashushwa desibeli 8, na dramu zitabaki bapa. Kiitikio cha roki kinatakiwa kupanda juu ya beti. Kisipopanda, andika.

Sikiliza pia jinsi gitaa na mashine (biti za kompyuta) vinavyoshikana, kwa sababu hapo ndipo muziki wa aina hii huharibika zaidi. Mashine haikosei muda, mpigaji hukosea. Gitaa likiwa nyuma ya dramu kwa kiasi kilekile wimbo mzima, usikimbilie kumlaumu mpigaji: mara nyingi ni ucheleweshaji wa kompyuta. Bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuichakata) ya sampuli 512, yaani vipimo vidogo vya sauti, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, inakula kama milisekunde 12 wakati wa kuingiza sauti, na nyingine kama hizo wakati wa kuitoa. Anachotakiwa ni kulisogeza gitaa kwenye programu lianze mapema kidogo. Likitangulia hapa na kuchelewa pale, hilo ni la mkono wake, arekodi upya.

Kwenye sauti za katikati, kati ya hezi 200 na 500, gitaa lenye distosheni (mkwaruzo wa roki) na sinthesaiza inayoshikilia kodi (noti kadhaa kwa pamoja) hugombania nafasi, na mwimbaji anazama. Kumwongeza mwimbaji sauti hakutoshi; apunguze desibeli 2 au 3 za sinthesaiza hapo, au aipandishe oktavu moja. Sikiliza vilevile sekunde ya kwanza kabla waya wa gitaa haujapigwa: mvumo wa umeme wetu wa hezi 50 hujificha hapo.

Hayo yote mpe mapema, kwa faragha, angali anaweza kurekebisha. Uhakiki wenyewe uandike kwa kusikiliza toleo la mwisho, ukijibu maswali ya msikilizaji: wimbo unabaki kichwani ukipigwa kwa gitaa peke yake? Sinthesaiza ina kazi, au ni pambo? Mashairi yanasema nini? Nukuu mstari mmoja. Zile nyimbo tatu zieleze kwa undani kuliko zote, maana kusifu bila kueleza ni bure kama kuponda bila kueleza.

Sentensi ya kwanza iseme kwamba msanii ni rafiki yako. Kama uliimba kiitikio au ulichangia pesa, kazi hiyo mwachie mtu mwingine. Msanii akiomba kuusoma uhakiki kabla haujatoka, ahakiki majina na nani kapiga nini, basi.

SWALI: Uhakiki uwe na urefu gani, na nimlinganishe msanii na nani?
Msomaji, Moshi

JIBU: Maneno 400 hadi 600 yanatosha, na usipitie kila wimbo, chagua tatu au nne. Ulinganisho uwe mmoja, na utaje kinachofanana. Ukisema anafuata njia ya New Order wa Manchester, waliochanganya mashine za dramu na gitaa tangu miaka ya 1980, ongeza ni kwa lipi: gitaa la besi linalobeba melodi juu ya biti isiyoyumba, kwa mfano. Usimpime kwa Bongo Fleva kama hakukusudia kuipiga. Nyota za kutoa alama acha, msomaji ataangalia nyota na kuruka maelezo.