Gusa kasha kwanza: niliyofunzwa na umemetuli wa Dodoma

Kazi ya kufungua kompyuta nilijifunzia Dar es Salaam, na Dar ilinidanganya. Miaka minne nilibadilisha RAM (vipande vya kumbukumbu ya muda ya kompyuta), diski na prosesa nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, fulana ya mtumba mwilini, na sikuwahi kuunguza kitu. Fundi aliyenifundisha alikuwa akisema habari za umemetuli, yaani chaji ya umeme inayojikusanya mwilini kwa msuguano kisha ikaruka kama cheche, ni hadithi za Wazungu wenye mazulia.

Kisha nikahamia Dodoma. Mwezi wa saba, wakati ule midomo inapopasuka na ukivua sweta gizani unaona cheche, nilimfungulia jirani kompyuta yake ya mezani nimwongezee RAM. Niliinuka kwenye kochi, nikaiokota RAM, nikasikia "tik" kwenye ncha ya kidole. Hakukuwa na moshi wala harufu. Nilipoiwasha, kompyuta ililia milio yake ya lawama na kioo kikabaki cheusi. RAM ile niliilipa kwa hela yangu.

Wewe unayeanza, elewa kwanza kwa nini Dar ilinificha. Hewa yenye unyevu huivujisha chaji taratibu kabla haijalimbikizana mwilini. Kwenye hewa kavu, mtu akitembea juu ya zulia anaweza kujaza hadi volti 35,000. Kwenye unyevu mwingi hubaki kama 1,500. Sasa mwili wa binadamu huanza kuhisi mshtuko kwenye volti 3,000 hivi, wakati kuna vijisehemu vya kielektroniki vinavyoumia chini ya volti 100. Piga hesabu mwenyewe. Fundi wangu wa Dar alikuwa na chaji siku zote, ila ngozi yake haikumwambia. Volti hizo hazimuui mtu kwa sababu chaji yenyewe ni kidogo mno na hupita kufumba na kufumbua, lakini kuta za ndani ya chipu ni nyembamba kiasi kwamba hicho kidogo kinazitoboa.

Na kinachonikera zaidi ni chipu isiyokufa palepale. Inajeruhiwa tu. Kompyuta inawaka vizuri, mteja anaondoka anacheka, baada ya wiki tatu inaanza kuzima katikati ya kazi, na lawama inaangukia Windows.

Dawa yake si ngumu. Watu wengi hufikiri lazima uiteremshe chaji mpaka ardhini. Kumbe kitu kinachounguza ni tofauti ya volti kati yako na kile unachokigusa. Mkiwa sawa, hakuna cheche. Kwa hiyo chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde kama kumi ili umeme uliobaki uishe, fungua ubavu wa kasha, kisha shika chuma chake kitupu kisicho na rangi: ndani ya fremu, au kichwa cha skrubu za pawa saplai. Iache RAM mpya ndani ya mfuko wake, ushike mfuko kwa mkono mmoja na kasha kwa mkono mwingine, ndipo uitoe. Kila ukiinuka kwenye kiti, hata kama umeenda kuchukua bisibisi tu, rudi ulishike tena kasha. Mimi huegemeza kiwiko kwenye fremu muda wote ninapofanya kazi, imekuwa mazoea kama ya dereva na honi.

Utasikia ushauri wa kuiacha kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani huku swichi imezimwa, ili waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, ukulinde. Kwenye nyumba yenye ethi ya kweli una mantiki. Nyumba zetu za kupanga je? Nimeshafungua soketi ya matundu matatu nikakuta tundu la ethi halina waya hata mmoja. Halafu kuna zile ekstensheni tunazozifungua kwa kuchokonoa tundu la juu kwa kifuniko cha kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Hapo ethi haipo kabisa. Tena ukisahau kuzima swichi, mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, inabaki na volti 5 za kusubiria, na kuchomoa RAM katika hali hiyo ni kuitafutia kifo kingine. Chomoa tu.

Mkanda wa mkononi wa kuzuia umemetuli, ule wenye waya, ni mzuri kama unafungua mashine mara kwa mara. Unabana upande mmoja kwenye chuma cha kasha, basi. Usidanganyike na ile isiyo na waya, ni pambo. Na tafadhali usijitengenezee kwa waya wa shaba uliofungwa mkononi. Mkanda halisi una kizuizi cha omu milioni 1 ndani yake: ukigusa kwa bahati mbaya volti 230, unapita umeme usiofika hata robo ya elfu moja ya ampea. Waya mtupu wa shaba utakuunganisha na ardhi moja kwa moja, na hapo tunazungumzia maisha yako, RAM tutaisahau.

Meza ya mbao inatosha. Ondoa kitambaa cha nailoni, ondoa ile povu nyeupe ya kwenye boksi la televisheni, zote hulimbikiza chaji. Sweta la manyoya ya plastiki livue kabla hujaanza. Kanga au shati la pamba halina shida. Blowa ya vumbi itumie ukiwa umeizuia feni kwa kidole isizunguke, na usiingize mdomo wa plastiki wa mashine ya kufyonza vumbi karibu na bodi, kwani vumbi linalopita kwenye plastiki hutengeneza chaji ya kutosha.

Kuna tabia moja ya vijiweni nataka uiache leo: kusugua miguu ya RAM kwa raba ya penseli. Ndiyo, mara nyingine RAM hufufuka, kwa sababu uchafu umetoka. Lakini unakwangua dhahabu iliyopakwa kwenye miguu hiyo, na huko kusugua ndiko hasa kunakozaa umemetuli. Pamba na spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme vinafanya kazi hiyo bila madhara.

Mfuko wa kijivu unaong'aa, ule unaokuja na RAM, utunze, ila usiugeuze meza ya kujaribia. Nje yake unapitisha umeme. Niliwahi kumwona kijana akiilaza mazabodi juu yake na kuiwasha. Nilichomoa waya kabla sijamsalimia.

Kompyuta mpakato ina mtego wake: hata ukichomoa chaja, betri bado inalisha bodi. Fungua mfuniko, ng'oa plagi ya betri kwanza, ndipo uguse kingine chochote.

Nisikutie woga kupita kiasi. Vifaa vya siku hizi vina kinga ndani yake na vingi huvumilia uzembe wetu. Zamani kila hitilafu nilisingizia umemetuli, kumbe mara nyingi RAM haikukaa vizuri. Ibonyeze mpaka usikie vibanio vinalia pande zote. Na kama umeweka RAM mpya ya aina ya DDR5, mara ya kwanza kioo kinaweza kubaki cheusi dakika moja au zaidi wakati bodi inaipima. Kaa utulie, usizime. Ikikataa kabisa, jaribu kipande kimoja kimoja, kila kimoja kwenye tundu lilelile, ukianza na kile cha zamani.