Bunduki na sheria: jibu la swali lako

Mwanangu,

Umeniuliza, kati ya hatua za kudhibiti bunduki wanazozibishania Marekani, zipi zina maana na zipi ni kelele za wanasiasa. Kabla ya kuzipima, jiulize unataka kuzuia kifo kipi. Zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi kule hujiua wenyewe. Na wanaouawa na wenzao, wengi wao hupigwa kwa bastola, si kwa zile bunduki ndefu zinazoonyeshwa kwenye taarifa ya habari. Kwa hiyo pendekezo lolote liulize: linamzuia nani, na linamzuia wakati gani?

Ukaguzi wa mnunuzi upo tangu Sheria ya Brady ya 1993. Mteja hujaza fomu namba 4473, muuzaji mwenye leseni huwasiliana na mfumo wa FBI, shirika la upelelezi la taifa, na mara nyingi jibu hurudi ndani ya dakika chache: uza, usiuze, au subiri. Kasoro iko kwenye hilo "subiri". Siku 3 za kazi zikipita bila jibu, kwa kawaida sheria ya taifa inamruhusu muuzaji kukabidhi silaha. Aliyeua watu 9 kanisani Charleston mwaka 2015 aliipata bastola yake hivyo hivyo, kwa sababu ya makosa kwenye kumbukumbu. Kurefusha muda huo ni marekebisho madogo, na ningeyaunga mkono bila kusita.

Pendekezo jingine ni kukagua hata mauzo ya mtu na mtu, maana sheria ya taifa inawabana wenye biashara peke yao. Linaeleweka, lakini utekelezaji wake ni mgumu. Tangu 1986 serikali kuu imekatazwa kuweka daftari la wamiliki wa bunduki, sasa utajuaje kwamba mtu amemuuzia jirani yake bila ukaguzi? Mara nyingi utajua baada ya tukio. Ndiyo maana mimi naona kibali cha kununua kina nguvu zaidi: mtu anafika mwenyewe, anachukuliwa alama za vidole, anasubiri. Jimbo la Connecticut wanacho kwa bastola tangu 1995. Gharama yake nayo usiifiche. Ada humuumiza maskini, ofisa mwenye chuki anaweza kuchelewesha faili makusudi, na mwanamke anayetishiwa maisha leo hataki kuambiwa arudi baada ya mwezi.

Kuhusu kufungia silaha nyumbani sina shaka kabisa, na ajabu ni kwamba ndiko kusikopigiwa kelele. Anayejaribu kujiua kwa bunduki, karibu mara 9 kati ya 10 hufa. Kwa vidonge, wengi hupona. Na uamuzi huo mara nyingi huchukua muda mfupi, kwa hiyo hata dakika 20 za kuhangaika na ufunguo zinaweza kuokoa kijana. Ila kufunga kuna namna yake. Watu hutoa magazini, yaani kikasha cha risasi, wakadhani bastola imekuwa tupu, kumbe risasi moja imebaki kwenye chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa. Wengine huanza kwa kuvuta slaidi (kile kipande cha juu kinachosogea nyuma na mbele), magazini ikiwa bado imo: ile risasi inatoka, slaidi inarudi na kusukuma nyingine ndani. Mpangilio sahihi ni kutoa magazini kwanza, kisha kuvuta slaidi nyuma na kuishikilia, kutazama chemba na kuipapasa kwa kidole, ndipo upitishe waya wa kufuli kwenye tundu linalotoa maganda hadi utokee panapoingia magazini. Risasi ziwekwe kwingine. Ufunguo ukining'inia kwenye msumari mlangoni, hapo hujafunga kitu. Wapinzani husema mwenye nyumba atachelewa mwizi akiingia. Ni kweli, japo kisanduku kidogo cha namba kando ya kitanda hupunguza sana tatizo hilo.

Marufuku ya bunduki za mtindo wa kijeshi iliwahi kuwepo, 1994 hadi 2004. Iliandikwa vibaya. Bunduki ilihesabiwa kwa viungo vyake: kitako cha kukunja, mahali pa kuchomeka singe, kizuia mwako mdomoni. Viwanda viliondoa vikorokoro hivyo na kuendelea kuuza kitu kile kile. Kipengele chenye uzito kilikuwa kikomo cha risasi 10 kwa magazini, lakini magazini kubwa zilizotengenezwa kabla ya sheria ziliendelea kuuzwa kihalali. Mjini Tucson, Arizona, mwaka 2011, mshambuliaji mwenye magazini ya risasi 33 aliangushwa na watu alipokuwa akibadilisha. Hebu fikiria angelazimika kubadilisha baada ya risasi 10. Australia baada ya mauaji ya 1996 walinunua na kuharibu bunduki zipatazo 650,000, lakini wao hawana kipengele cha katiba kinacholinda haki ya silaha kama Marekani, basi usiwanakili kichwa kichwa.

Kuna pia amri za mahakama za kumnyang'anya silaha kwa muda mtu anayeonekana hatari. Florida walipitisha yao mwaka 2018: polisi ndio huomba, jaji hutoa amri ya muda, na kikao hufanyika ndani ya siku 14. Hoja ya wapinzani, kwamba mtu ananyang'anywa kabla ya kusikilizwa, ni nzito, na jibu lake ni kikao cha haraka na adhabu kwa anayeapa uongo. Mwaka 2024, katika kesi ya Rahimi, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba mtu ambaye mahakama imemwona ni tishio kwa usalama wa mwenzake anaweza kunyang'anywa silaha kwa muda.

Ukipata muswada wenyewe, ruka hotuba ya utangulizi. Soma sehemu ya tafsiri ya maneno, halafu tafuta nani atatekeleza na amepewa fedha kiasi gani. Ukiona vyeo vya watekelezaji vipo na fungu halipo, niandikie tena tuupitie pamoja.

Baba yako