Aliyekwishapokea Pesa

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Umeniuliza gari yako ya kwanza uchukue ya kampuni gani, Toyota au Mazda, ipi inayowaheshimu zaidi wateja wake. Suala zuri. Lakini kampuni iko Japani, na gari za mtumba hutufikia zimeshapita mikono mingi. Wewe utafanya biashara na mtu wa hapo Unguja, na huyo ndiye wa kumtazama. Heshima ya muuzaji huijua akishapokea pesa.

Kirikuu yetu ya dukani, kile kigari cha mizigo, unaikumbuka. Pesa zilikuwa zangu, za karafuu. Nilizifunga pindoni mwa kanga nikavuka nazo bahari, nikamhesabia muuzaji juu ya meza yake, noti kwa noti. Alipokwisha kuzipokea akamgeukia mjomba wako, akampa yeye ufunguo, akamweleza yeye habari za oili na breki. Na mimi nimekaa papo hapo! Giaboksi ilipoanza kuvuja nikamrudia na kadi ya gari mkononi, jina langu limeandikwa. Akaisoma, akaniambia, "Mwambie mwenye gari aje." Mpaka leo nikipita mtaa ule damu hunichemka.

Kampuni nazo sizidharau. Eabegi za Takata, kwa mfano, kampuni ya Japani iliyowatengenezea wenye magari wengi ile mifuko ya hewa inayofumka gari ikigonga. Ndani yake mlitiwa amonia nitreti, kemikali ya kuufumua mfuko, na ile huharibika ikikaa miaka kwenye joto na unyevu. Siku eabegi ikifumka, kikopo chake cha chuma huweza kupasuka vipande vikamrukia dereva. Joto na unyevu, yaani kwetu hasa. Honda ilianza kuyaita magari yake yarudi kutengenezwa mwaka 2008, wakafuata Toyota, Nissan, Mazda na wengine, mamilioni ya magari, watu wabadilishiwe bure. Takata yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Sasa hapo hujibizana na nafsi yangu: anayekuita akutengenezee bure amekuheshimu, au amebanwa na serikali za watu? Pengine yote mawili. Lakini ameita, na pesa alikwishazipokea. Wangu mimi nilimfuata kwa boti.

Tatizo ni kwamba gari ikishauzwa huku, mwito ule hubakia kwa mwenyewe wa kwanza. Kwa hiyo chukua namba ya chesisi kabla hujatoa hata shilingi, uitafute kwenye tovuti ya kampuni. Na fundi alale chini ya gari aangalie kutu, chumvi ya bahari haina huruma.

Sikuchagulii, pesa ni zako. Ila ile Toyota IST ya kijivu, spea zake hazisumbui, na umenambia muuzaji alikupa mwenyewe simu za watu aliowauzia mwaka jana. Mwenye kufanya hivyo... basi, nisiseme. Wapigie hao kwanza, uwaulize alivyowapokea walipomrudia na shida. Kisha nipigie mimi, hata ikiwa usiku.

Mama yako,
Wete